Dondoo muhimu: Kuvuta trela usiku kati ya Kitale na Bungoma

Msimu wa mahindi Trans Nzoia, na wa miwa karibu na kiwanda cha Nzoia, barabara ya Kitale, Kamukuywa hadi Webuye huwa na matrekta na pikapu zinazovuta trela gizani. Nyuma yake matatu hubana, taa zikiwa kamili.

Dereva makini hakanyagi breki kumtisha anayemfuata. Huachia mafuta taratibu, na akipata mahali pana huwasha indiketa mapema, akatoka kando foleni ipite. Kwa kilomita 60 kwa saa, gari humaliza mita 17 hivi kila sekunde; basi aache nafasi kubwa mbele yake asije akalazimika kufunga breki ghafla.

Anayemulikwa na gari linalokuja atazame ukingo wa kushoto wa lami.

Linalosahaulika sana ni mzigo. Ukielemea ndoana, pua ya pikapu huinuka na taa zake huwapofusha wengine; ukielemea nyuma, trela huyumba. Miwa inayoning'inia nayo huficha taa za nyuma. Tafadhali, kabla ya kuondoka, ifunge vizuri, safisha taa na viakisi mwanga, na ubebe pembetatu mbili za tahadhari.