Bonde la Nyangwe: Soma Rangi za Udongo Kabla Hujapanda

Una kipande cha bonde Nyangwe, au upande wa Kasongo, au njiani kuelekea Kabambare. Mvua ikinyesha, maji yanasimama siku tatu, nne, hata wiki. Mahindi yanageuka manjano. Mihogo inaoza ingali ardhini. Majirani wanasema shamba hilo lina mkosi. Halina. Udongo wake ni wa mfinyanzi na maji hayana pa kwenda. Ukishajua tabaka lipi liko wapi, utajua la kupanda, na shamba hilo litakulisha hata miezi ambayo mlima umekauka.

Watu wa Nyangwe walilijua hilo zamani. Msafiri Cameron alipofika mwaka 1874, na msafiri Stanley mwaka 1876, wote waliukuta mji umejengwa juu ya miinuko miwili, na katikati yake kuna bonde lenye majimaji lililolimwa mpunga. Stanley aliandika kwamba mto Lualaba ukijaa, bonde hilo lilifunikwa na maji. Nyumba juu, mpunga chini. Anza na mpango huohuo.

Kazi ya kwanza ni shimo. Usinunue mbegu, usiite vibarua, usichome majani. Chimba shimo la upana wa nusu mita na kina cha mita moja. Wakati mzuri ni Agosti, kabla mvua za Septemba hazijaanza, maana maji yako chini na utafika mbali. Chimba angalau matatu: moja chini ya mteremko, moja katikati ya bonde, moja karibu na kijito. Bonde moja linaweza kuwa na udongo wa aina tatu.

Tandika gunia kando ya shimo. Kila unapotoa udongo, weka donge moja kwenye gunia, kwa mpangilio: la juu mwanzo, la chini mwisho. Ukimaliza una shamba lako lote limelala hapo mbele yako kama kitabu kilichofunguliwa. Sasa soma.

Tabaka la juu mara nyingi ni jeusi au la kahawia iliyokolea, sentimita 10 hadi 20. Humo ndimo kuna mizizi na majani yaliyooza, na ndicho chakula cha mmea wako. Usikubali mtu akichote kwenda kufyatulia matofali.

Chini yake rangi inabadilika. Unaona kijivu, na ndani ya kijivu kuna madoa ya rangi ya kutu. Vunja donge kwa vidole, utaona kutu imefuata njia za mizizi ya zamani, kama vibomba vidogo vyekundu. Hapo ndipo maji yanapopanda na kushuka. Maji yakijaa, hewa inakwisha na udongo unakuwa wa kijivu. Yakishuka, hewa inaingia kupitia njia za mizizi na chuma kilichomo kinashika kutu. Kwa hiyo hata ukichimba kiangazi, madoa yanakuambia maji yatafika wapi mvua zikikolea. Jirani anaweza kusahau maji ya mwaka juzi yalifika wapi. Madoa hayasahau.

Chini zaidi ni kijivu kitupu, au buluu kama majivu yaliyolowa. Udongo huo ni baridi mkononi, unanata, na wakati mwingine unanuka yai bovu. Huko maji hayaondoki. Fanya jaribio hili, litakusadikisha: kata donge la buluu vipande viwili. Kimoja kifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki, kingine kiache wazi kivulini. Kesho yake kile cha wazi kitakuwa kimeanza kugeuka kahawia pembezoni, kwa sababu kimepata hewa. Ndivyo shamba lako litakavyobadilika, polepole, ukilitoa maji.

Kuna tabaka moja la kuogopa. Ukikuta udongo wenye mabaka mekundu mazito, unakatika kwa kisu kama sabuni, usiuache wazi juani. Ukikauka na kulowa mara nyingi unageuka jiwe, na hakuna jembe litakaloupasua. Uache umefunikwa na udongo wa juu na majani.

Sasa pima kina. Kijivu na kutu vikianza kwenye kina kinachozidi sentimita 50, una bahati: mahindi na karanga vitakubali juu ya matuta. Vikianza kati ya 20 na 50, weka matuta makubwa ya lengalenga na viazi vitamu, na mpunga kwenye sehemu za chini. Vikianza kabla ya sentimita 20, usishindane. Hapo ni mpunga, majimbi, au bwawa la samaki. Muhogo upeleke mlimani. Michikichi itavumilia kuloweshwa siku chache, lakini usiipande mahali ambapo maji hulala.

Kama huna uhakika ni mfinyanzi kweli, tumia mkono. Lowesha donge, likande kama unga wa ugali mpaka lilainike, kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2 na nusu, mfinyanzi ni kidogo. Ukipita sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi hasa, ule ambao akina mama wafinyanzi wangeupokea kwa mikono miwili. Vyungu vya udongo vilikuwa bidhaa kubwa kwenye soko la Nyangwe tangu siku za msafiri Livingstone, mwaka 1871.

Pima pia mwendo wa maji. Chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji jioni. Asubuhi kijaze tena, chomeka kijiti chenye alama, na ukiangalie baada ya saa moja. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 2 na nusu, udongo hautoi maji wenyewe. Lazima uyaonyeshe njia.

Na njia yenyewe ni mfereji. Wengi hukimbilia kuchimba katikati ya bonde. Mimi nakuambia anza ukingoni. Maji mengi yanayokusumbua hayakutoka mawinguni moja kwa moja. Yalinyesha mlimani, yakapita chini ya ardhi, yakatokeza pale mteremko unapokutana na bonde. Utapajua: nyasi ni za kijani hata kiangazi, mguu unazama. Chimba mfereji kufuata mguu wa mteremko, kina sentimita 40, kuta zake zilale kidogo ili zisiporomoke. Udongo unaotoka utupe upande wa bonde, uwe ukuta wa kukulinda.

Mfereji usiwe na mteremko mkali. Sentimita 50 kwa kila mita 100 zinatosha. Ukizidisha, mvua ya kwanza itakata korongo. Kipimo chake unatengeneza mwenyewe. Chukua miti miwili mirefu, ifunge pamoja juu, miguu iachane mita 2, funga wa tatu katikati ipatikane herufi A. Ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Simamisha, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati. Geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa. Kisha funga kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 1 chini ya mguu mmoja, na mguu huo uende mbele, upande maji yanakoelekea. Kamba ikikaa kwenye usawa, mteremko wako ni sahihi. Weka kigingi, sogea, pima tena.

Chimba kuanzia kule maji yatakakoishia, ukipanda juu. Ukianzia juu utafanya kazi ndani ya maji. Na kabla hujapiga jembe la kwanza, nenda kwa mwenye shamba la chini. Maji unayoyafukuza yanakwenda kwake. Keti naye, mkubaliane mfereji upite wapi, mchimbe pamoja kama inawezekana. Nimeona ndugu wa damu wakikosana kwa jambo hili, na mfereji ukafukiwa usiku.

Baada ya mfereji wa ukingoni, subiri wiki mbili au tatu uone. Mara nyingine huo peke yake umemaliza nusu ya tatizo. Ndipo uchimbe wa katikati, na upandishe matuta yanayoelekea kwake: upana mita 1 chini, urefu wa kwenda juu sentimita 40, kati ya tuta na tuta nusu mita. Udongo mweusi uwe juu ya tuta. Ukiugeuza ukaweka wa buluu juu, msimu huo umeutupa.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa kuwa hapa ndipo mabonde mengi yanapoharibika. Usilime mfinyanzi uliolowa. Nililima hivyo mwaka mmoja, mvua ya kwanza ya Septemba ilipokwisha tu, kwa haraka ya kuwahi wengine. Kila jembe liliacha ukuta unaong'aa kama sahani. Nilifurahia ule ulaini. Jua lilipotoka, madonge yakawa matofali, na mizizi ya mahindi ikafika kwenye zile kuta zinazong'aa ikajipinda, ikarudi. Mpaka msimu uliofuata madonge yale yalikuwa bado yapo.

Kwa hiyo pima kabla ya kulima. Chukua udongo wa kina cha sentimita 15, uviringishe kati ya viganja. Ukiweza kutengeneza uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti bila kukatika, rudi nyumbani. Ukivunjikavunjika, lima siku hiyohiyo, maana ukichelewa utakauka na jembe litadunda. Nafasi hiyo ni ya siku chache tu. Wakati huo acha shughuli nyingine. Na ukishapandisha matuta usiyakanyage. Tembea kwenye mifereji.

Mtu atakushauri ulete mchanga wa mtoni. Usipoteze franka zako. Utahitaji mchanga mwingi kupita unaoweza kubeba ndipo mfinyanzi ubadilike, na ukiweka kidogo unapata kitu kigumu kama tofali. Unachohitaji ni kilichooza. Kwetu mashine za kukoboa mpunga zinaacha makapi marundo kwa marundo, mengine yanachomwa bure kando ya barabara. Yachukue. Changanya na samadi ya mbuzi au kuku, majani makavu na majivu ya jikoni, yaache yaoze miezi miwili au mitatu chini ya majani ya mgomba. Kila msimu tia kwenye matuta, ukichanganya na ule udongo mweusi tu. Mwaka wa kwanza utaona kidogo. Mwaka wa tatu utaweka mkono ndani ya tuta na vidole vitaingia.

Mabua ya mpunga yasichomwe. Lakini usiyafukie mabichi siku ya kujaza maji. Yakiozea majini yanadhuru mizizi. Yafukie wiki kadhaa kabla, au yaozeshe kwanza.

Mpunga nao una ugonjwa wake wa mabonde haya. Majani ya chini yanapata vidoa vya kahawia na chungwa, kuanzia nchani, halafu jani zima linakuwa kama limeunguzwa. Wengi wananyunyizia dawa ya wadudu. Si wadudu. Ni chuma kilichozidi kwenye maji, kile kile kilichochora kutu ndani ya shimo lako. Angalia juu ya maji: utaona utando unaong'aa kama mafuta. Uguse kwa kijiti. Ukipasuka vipande kama kioo chembamba, ni chuma. Ukijikunja na kuungana tena, kuna mtu amemwaga mafuta.

Tiba yake ni hewa. Fungua ukingo wa jaruba, toa maji, acha siku saba hivi mpaka uso uanze kupasuka nyufa ndogo kama nywele, ndipo urudishe maji. Usiache nyufa zikawa pana. Nyunyiza majivu ya kuni. Msimu ujao hamishia miche iliyokomaa kidogo, na mbegu iombe kwa jirani ambaye mpunga wake ulibaki kijani kwenye maji hayohayo mekundu. Mfereji wa ukingoni pia unasaidia, kwa sababu chuma hicho kingi kinateremka na maji ya mlimani.

Kule chini kabisa, penye buluu tangu juu, chimba bwawa la tilapia. Tabaka linalokukera kwa mahindi ndilo linaloshika maji ya samaki. Likande vizuri sakafuni na kwenye kuta, ng'oa mizizi yote, maana mzizi ukioza unaacha tundu na maji yanatoroka.

Choo usichimbe bondeni hata kama ardhi ni laini. Maji ya chini yatakutana nacho na kuupeleka uchafu kwenye kisima. Mashimo ya matofali yaliyoachwa yafukie au ufuge samaki humo. Yakibaki na maji matupu ni kiwanda cha mbu na malaria ya watoto wako.

Mwaka ukizunguka, Agosti nyingine, rudi na gunia lako. Chimba hatua mbili kutoka lile shimo la kwanza, panga madonge vilevile, na upime kwa rula pale buluu inapoanzia.