SOMO LA NYUMBA YA KUPANGA: KUITOA SAFI KABLA YA KUHAMA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu msomaji, watu wengi wajua namna ya kuingia katika nyumba ya kupanga. Hujua kuuliza kodi, kutazama paa, na kuonja maji ya kisima. Walakini ni wachache waliojifunza namna ya kutoka. Na katika kutoka ndiko hujulikana mwaminifu na haini. Kwani aingiaye hutazamwa na watu wote, naye atokaye huenda zake, na aliyoyaacha nyuma ya mlango hayaonekani ila na Mwenyezi Mungu, kisha na yule atakayelala pale usiku wa pili.

Somo hili tumeliweka Tabora, na sababu yake ni hii. Mji ule tangu zamani ni mji wa wapitaji. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo ilitua Unyanyembe, katika nchi ya Wanyamwezi, ikapumzika, ikatafuta wapagazi wapya, kisha wengine wakashika njia ya Ujiji na wengine njia ya kaskazini. Burton na Speke walipofika Kaze, tarehe 7 Novemba 1857, aliyewakirimu ni mfanyi biashara Mwarabu, Snay bin Amir. Livingstone naye alikaa katika tembe la Kwihara, karibu na Tabora, tangu Februari 1872 hata Agosti mwaka ule, akingoja wapagazi. Reli ilipofika mwaka 1912, wapitaji hawakupungua, bali waliongezeka: makarani, walimu, mafundi, na wachuuzi kutoka pwani. Hata leo watu wa pwani wako huko, na wengi wao hukaa katika nyumba za watu.

Basi tuchukue mfano. Mtu wa pwani alipanga vyumba viwili na ua Tabora kwa mama mmoja mjane, akakaa miaka mitatu na mkewe na watoto wake. Mapatano yalikuwa ya kukaa, lakini yeye akaweka madebe ya asali katika chumba cha nyuma, kwa kuwa alikuwa mchuuzi wa asali na nta. Sasa amepata kazi Dar es Salaam, na safari ni kesho kutwa. Sakafu ya chumba cha nyuma imetota asali na siafu wamejaa. Pembe moja ya chumba cha kulala mtoto alikuwa akikojoa. Ukuta wa udongo una nyufa. Uani kuna taka. Naye asema: "Kodi nimelipa hata mwezi wa mwisho. Nyumba si yangu, wala sirudi tena. Atakayeingia atafagia." Je, asema kweli? Tutamjibu kwa fasili nne.

FASILI YA KWANZA: NYUMBA NI AMANA

Jua ya kwamba mpangaji amenunua manufaa ya nyumba kwa muda maalumu. Hakununua nyumba yenyewe. Kuta, milango, paa na ardhi ni mali ya mwenyewe, na katika mkono wa mpangaji ni amana. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, tuzirudishe amana kwa wenyewe. Kodi ni thamani ya kukaa, wala si thamani ya kuharibu.

Kwa kuwa mpangaji ni mwenye amana, sharia imemhurumia. Kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida hakimlazimu: bawaba iliyolegea, sakafu iliyokwanguka kwa kupita miguu, rangi iliyofifia kwa miaka. Humlazimu alichoharibu kwa kupita mpaka au kwa kupuuza. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wamesema kuwa aliyepanga nyumba ya kukaa aweza kumkalisha mtu mfano wake, lakini hawezi kumtia humo mfua chuma wala mfua nguo wa kazi, maana nyundo na maji yao huiumiza nyumba kuliko makao. Basi mchuuzi wetu apime nafsi yake kwa mizani hiyo. Aliifanya ghala nyumba aliyopewa kwa makao. Sakafu iliyoharibika kwa asali ni juu yake, aitengeneze au alipe, wala asiseme ni uchakavu.

FASILI YA PILI: LIPI NI JUU YA NANI

Mas'ala haya yamebainishwa na wanazuoni kwa uzuri, tena kwa insafu kwa pande zote mbili.

Kujenga kilichobomoka na kuziba paa linalovuja ni juu ya mwenye nyumba. Asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mapatano. Kwa hiyo mwenye nyumba asizuie amana ya fedha aliyowekewa kwa ajili ya paa lililooza kwa mvua, kwani hiyo ni dhuluma.

Taka za nyumba, yaani maganda, mabaki ya chakula na mfano wa hayo, ni juu ya mpangaji. Imamu Nawawi ameyataja katika Minhaj, kitabu kinachosomwa sana katika madrasa zetu. Na muda ukiisha, mpangaji hulazimishwa kuziondoa; si hisani yake, bali ni wajibu wake. Lakini vumbi lililoletwa na upepo halimlazimu, kwa sababu si tendo lake. Ama choo na shimo la maji machafu, mwenye nyumba humkabidhi mpangaji vikiwa vitupu. Vikijaa wakati wa kukaa, kuvisafisha ni juu ya mpangaji. Na muda ukiisha halazimishwi kuvitoa. Tazama, ndugu yangu, namna sharia ilivyopima hata taka, asidhulumiwe huyu wala yule.

Na neno hili ulisikie vyema: aliyefunga mapatano ni wewe mwanamume, wala si mkeo. Usimwachie yeye ufagio na masizi ya jikoni, nawe ukaenda barazani kuaga marafiki. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake katika kazi zao, kama alivyosimulia Bibi Aisha. Wewe ni nani hata uone haya kushika ufagio?

FASILI YA TATU: TAHARA YA SAKAFU

Hapa kuna jambo ambalo wengi hughafilika nalo. Atakayeingia baada yako atatandika msala wake juu ya sakafu ile, naye atadhani ni tahiri, kwa kuwa asili ya ardhi ni tahara. Nawe wajua kuwa pembe ile mtoto alikojoa.

Kwa madhehebu yetu jua na upepo havitahirishi ardhi. Mkojo ukikauka na harufu ikaondoka, najisi ingali pale kihukumu, hata imwagiwe maji. Basi fanya hivi: ikiwa kuna dhati ya najisi, iondoe kwanza, kisha mwaga maji juu ya mahali pale mpaka yaenee na kuishinda najisi. Sakafu ikiwa ya saruji, ifute baada yake. Ikiwa ya udongo, iache inywe maji, kisha ishindilie na kuikandika. Mtoto mwanamume asiyekula bado chakula, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea mahali pake.

Usiseme, "Yeye hajui, basi hana dhambi." Ni kweli yeye ana udhuru. Lakini wewe wajua, na udhuru wake haukufuti wewe.

FASILI YA NNE: PAPASI

Nyumba za udongo za bara, nayo tembe ni mojawapo, zina adui mdogo ambaye watu wa misafara walimjua sana: papasi. Hukaa katika mavumbi ya sakafu na katika nyufa za ukuta. Mchana hujificha, usiku hutoka akauma waliolala. Aweza kukaa muda mrefu sana bila ya kula, hata nyumba iliyohamwa ikadhaniwa salama, kumbe yeye yumo angojea.

Kuumwa kwake huleta homa ya papasi. Mgonjwa hushikwa na homa kali siku chache, ikamwacha akadhani amepona, kisha ikamrudia. Mwaka 1905 tabibu Robert Koch, katika nchi hii ilipokuwa chini ya Wadachi, alionyesha kuwa ugonjwa huo waenezwa na papasi walio katika vituo vya njia za misafara. Mwaka huo huo tabibu Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo Kongo, alikufa kwao huko Kasongo. Tena hatari yake ni kubwa kwa mwanamke mwenye mimba na kwa mtoto mchanga.

Sasa fahamu mzigo ulio juu yako unapohama. Ukiacha nyufa wazi na mavumbi chini, umemwachia mgeni adui kitandani. Na ukifunga mikeka na vitanda bila ya kuvitazama, umemchukua adui yule pamoja nawe mpaka nyumba mpya. Hivyo ndivyo alivyosafiri njia nzima ya misafara, ndani ya mizigo ya watu.

Basi siku mbili kabla ya kuhama toa vyombo vyote nje. Mikeka na magodoro yaanike juani na kuyakung'uta mbali na nyumba. Tazama viungo vya vitanda, pindo za magunia na pembe za masanduku. Fagia sakafu mpaka katika pembe zote, na mavumbi yatoe nje uyachome au uyafukie mbali. Kisha kanda udongo, ziba nyufa za ukuta, na uikandike sakafu. Ukiwaona papasi, mwambie mwenye nyumba waziwazi, ili atafute dawa kwa watu wa afya kabla ya kumtia mpangaji mwingine. Kuficha ni madhara, nayo dini yetu imeharimisha kudhuru.

KHATIMA: UFUNGUO

Kazi ikiisha, usiondoke usiku. Mwite mwenye nyumba mchana, au wakili wake, mpite chumba kwa chumba, na mbele yenu watu wawili waaminifu. Mwonyeshe ulilovunja kabla hajaliona mwenyewe. Lipa deni la maji, maana huja hati yake nawe umekwisha kuondoka, akadaiwa asiyeyatumia. Kisha mpe ufunguo mkononi mwake.

Na ufunguo usiudharau. Wanazuoni wamesema kuwa mtu aliyeitoa mizigo yake, kisha akaifunga nyumba baada ya muda wake kwisha, hulazimika kulipa kodi ya mfano wake kwa muda wote aliyoifunga. Basi mchuuzi wetu akipanda gari la moshi na ufunguo mfukoni, kodi yaendelea kumwandama kutoka Tabora hata Dar es Salaam, ijapokuwa nyumba ni tupu. Na mjane yule, anayengoja kodi ya mpangaji mwingine awalishe watoto wake, ndiye mdai wake Siku ya Kiyama, siku ambayo haki hailipwi kwa fedha bali kwa thawabu.

Jawabu la mchuuzi wetu basi ni hili: hakusema kweli. Ana siku mbili. Ageuze madebe, achote maji, akande udongo, na siku ya tatu aende zake hali ya kuwa nyumba inamshuhudia kwa kheri.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nyumba ya kupanga ni nini katika mkono wa mpangaji?
2. Taka na vumbi la upepo, kipi humlazimu mpangaji, na kwa nini?
3. Mkojo uliokauka kwa jua umetahirika katika madhehebu yetu?
4. Kwa nini mikeka yakung'utwa mbali na nyumba kabla ya kufungwa?
5. Mtu aliyechukua ufunguo kwa wiki mbili baada ya muda kwisha, juu yake ni nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa warudishao amana, na siku tutakapohama dunia hii, ambayo nayo si yetu, tuitoke tukiwa safi. Amin.