Seva inapokataa maombi mengi

Swali: Programu yangu ya Python hutuma maombi 1,000 kwa mpigo, na seva hurudisha kosa la 429. Nifanyeje?

Jibu: Kosa hilo maana yake umezidisha maombi. Tumia asyncio.Semaphore(10), ili yasizidi 10 kwa wakati mmoja; mengine yangoje zamu.

Ombi likikataliwa, angalia Retry-After kwenye vichwa vya jibu: huenda seva imekutajia muda wa kusubiri. Isipokuwepo, subiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, ukiongeza kipande cha sekunde cha kubahatisha ili maombi yasirudi yote kwa pamoja. Achia nafasi ya semafo kabla ya kusubiri. Yakishindikana majaribio 5, acha na uandike kosa kwenye kumbukumbu.

Ombi lililopata kosa la 404 usilirudie. Ombi la malipo nalo lisirudiwe bila namba yake ya kipekee, mteja asije akakatwa pesa mara mbili.