Macho Baada ya Miaka 40: Miwani, Leza au Lenzi?

Fundi wa cherehani pale soko la Chwele, Bungoma, siku hizi humwita mtoto amtungie uzi kwenye sindano. Mkulima wa Kitale ameshika chupa ya dawa ya viwavi. Anaisogeza mbali, anazidi kuisogeza, mkono unafika mwisho na kipimo bado hakisomeki. Hawakurogwa. Ndani ya jicho mna lenzi laini inayobadili umbo ili tuone vya karibu. Kuanzia miaka 40 hivi hukakamaa, hata kwa aliyekuwa na macho makali tangu utotoni.

Tiba ya kwanza ni miwani ya kusomea. Tunaanza nayo kwa sababu wengi hutuuliza habari za leza, wakiwa tayari kuuza ng'ombe waende Nairobi.

Leza huchonga konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Katika LASIK, daktari hufunua utando mwembamba wa konea, leza ikachonga chini yake, kisha utando ukarudishwa. Kwa kijana asiyeona mbali, mara nyingi matokeo ni mazuri sana. Lakini ile lenzi ya ndani haikuguswa: aliyechongwa akiwa na miaka 25, akifika 45 atatafuta miwani ya kusomea kama wenzake. Wengine huchagua jicho moja lione mbali na jingine karibu. Hilo lijaribiwe kwanza kwa lenzi za kuvaa, maana si kila mtu hulizoea.

Leza haiwafai walio chini ya miaka 18, wajawazito, wanaonyonyesha, wala mtu ambaye namba ya miwani yake bado inabadilika. Na tafadhali, wazazi, sikilizeni hili: mtoto mwenye mzio anayefikicha macho mwaka baada ya mwaka anaweza kudhoofisha konea mpaka ichongoke. Konea ya namna hiyo ikipigwa leza huharibika zaidi. Mtibuni muwasho mapema. Na kliniki ikitaka kukuchonga bila kupima umbo na unene wa konea, ondoka.

Upasuaji utakaowafikia wengi wetu ni ule wa mtoto wa jicho. Lenzi iliyopata ukungu hutolewa, ikawekwa ya bandia, kazi iliyoanzishwa na Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki vya ndege za vita vilikaa ndani ya macho ya marubani bila kuyachokoza. Namba ya lenzi hupimwa kabla, kwa hiyo hata tatizo la zamani la kutoona mbali laweza kurekebishwa siku hiyo hiyo. Kwa kawaida hupangwa ione mbali; miwani ya kusomea hubaki. Zipo lenzi za mbali na karibu pamoja, ila ni ghali na huweza kuleta miduara kwenye taa za usiku. Wewe wa bodaboda, mwambie daktari kazi yako kabla hajachagua.

Macho ya watoto nayo yasisahaulike. Katika utafiti wa Dkt. Hillary Rono na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, walimu wa shule 50 za Trans Nzoia waliwapima wanafunzi zaidi ya 20,000. Miongoni mwa waliopatikana na shida, asilimia 54 walifika hospitalini pale wazazi walipooneshwa kwa picha jinsi mtoto anavyoona na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu. Kwa barua ya kawaida, asilimia 22 tu. Barua ya mwalimu ikija nyumbani, mpeleke mtoto Kitale, Bungoma, au Sabatia kule Vihiga. Na jicho likiuma, likiwa jekundu au likififia ghafla, usinunue miwani sokoni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.