Gia za Baiskeli: Hesabu ya Meno na Kazi ya Wenzo

Baiskeli ya mizigo yenye gia moja haimsumbui mtu kwa hesabu. Lakini ile yenye gia nyingi, ambayo mnyororo wake huhamishwa kutoka kigurudumu kimoja cha meno hadi kingine, yamtaka mwenyewe ajue jinsi meno yalivyopangwa na jinsi wenzo ufanyavyo kazi. Asiyejua hununua vifaa visivyopatana, kisha humlaumu fundi.

Tuseme kigurudumu cha mbele, penye pedali, kina meno 42. Cha nyuma kikiwa na meno 14, pedali zikizunguka mara moja gurudumu la nyuma huzunguka mara 3. Kikiwa na meno 21, huzunguka mara 2. Na kikiwa na 28, mara 1 na nusu. Angalia vema hapo. Kutoka 14 hadi 21 ni meno 7, na kutoka 21 hadi 28 ni meno 7 vilevile. Walakini hatua ya kwanza imepunguza mwendo kwa theluthi, na ya pili kwa robo tu. Miguu haihesabu meno, bali huhisi sehemu iliyopungua. Kwa hiyo, palipo vigurudumu vitano, mpango mzuri ni 14, 17, 20, 24 na 28, ambapo kila hatua hupunguza mwendo kwa sehemu moja katika sita hivi. Lau ungekuwa 14, 16, 18, 20 na 28, mwenye kupanda mlima angetupwa ghafula kutoka gia nzito hadi nyepesi mno.

Sasa wenzo. Ule wa zamani hauna vituo. Hubanwa kwa washa na skrubu, na msuguano huo ndio unaoushika pale ulipoachwa, ukishindana na springi iliyo nyuma. Skrubu ikilegea, springi huvuta waya na mnyororo huteremka wenyewe hadi kigurudumu kidogo, na mara nyingi ni katikati ya mlima! Basi kaza skrubu kabla ya kushuku kitu kingine. Ukitaka kigurudumu kikubwa zaidi, endelea kuzungusha pedali bila nguvu, vuta wenzo upite mahali pake kidogo, kisha urudishe hata kelele ikome.

Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa mtambo wa SIS, ambao wenzo wake una vituo. Ni rahisi kwa mgeni. Lakini kila kituo huvuta waya kwa kipimo kilichowekwa kiwandani, na nafasi kati ya vigurudumu ikitofautiana, mnyororo husugua au huruka. Wenzo wa msuguano haujali hilo, maana mkono wako ndio upimao. Kwa hiyo humfaa mtu akaaye mbali na maduka, alazimikaye kufunga vigurudumu vyovyote apatavyo. Hata hivyo, kabla ya kulipa, hesabu meno ya kigurudumu kilicho kikubwa kupita vyote, umwulize fundi kama chombo chako cha kuhamisha mnyororo chaweza kukifikia.