Dondoo Muhimu: Ukiosha Kabro, Uza na Kinga Yake

Mwenye mashine ya presha anayeondoka mara tu kabro zinapong'aa ameacha kazi nusu. Zege la kabro lina vitundu vidogo; maji ya kasi huondoa uchafu pamoja na mchanga wa viungo, kisha madoa mapya huzama kama zamani. Kwa hiyo rudishia mchanga, acha sakafu ikauke angalau saa 24, ndipo upake kinga, yaani silanti, tabaka jembamba. Mteja akilalamikia gharama, paka kipande kidogo, kikikauka umwagie maji ajionee tofauti. Akihofia utelezi, hoja yake ni ya haki: silanti ya kung'aa huacha utando juu, basi mpe ya kupenya. Mvua ikinyemelea, ahirisha. Silanti juu ya unyevu hugeuka ukungu mweupe.