Somo la Robo Hii: Makato ya Kadi Kwenye Michango Midogo



Katika kikao kimoja cha kamati ya mradi wa maji liliulizwa swali lililowafanya wengi wainamishe vichwa. Mhisani wa Marekani alitoa dola 2 kwa kadi kila juma, majuma 52, yaani dola 104. Daftari la mtunza hazina lilionyesha dola 85.28. Dola 18.72 zilikwenda wapi? Mtunza hazina hakuchukua hata senti moja. Fedha hizo zilibaki njiani, na somo hili linaeleza namna zilivyobaki.

1. Makato yana sehemu mbili

Bei iliyozoeleka Marekani kwa malipo ya kadi kwa njia ya intaneti ni asilimia 2.9 ya kiasi kinachotolewa, pamoja na senti 30 kwa kila malipo. Asilimia hufuata ukubwa wa fedha, lakini senti 30 hazibadiliki. Ni kama kukodi pikapu kwenda sokoni: ukipakia gunia 1 au magunia 10, mwenye gari anadai nauli ileile. Tazameni:

- Dola 2 hukatwa senti 36, yaani asilimia 18.
- Dola 10 hukatwa senti 59, karibu asilimia 6.
- Dola 100 hukatwa dola 3.20, yaani asilimia 3.2.

2. Fedha hizo huenda kwa nani?

Kwa kawaida sehemu kubwa huenda kwa benki iliyotoa kadi. Nyingine huenda kwa mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, na nyingine kwa kampuni inayompokelea mwenye duka au mradi malipo yake. Kuuliza kama kadi ina fedha, kuzuia wizi na kupeleka hesabu benki ni kazi ileile kwa dola 2 na kwa dola 200. Hii ndiyo sababu mwenye duka dogo hupenda kuuza soda kwa fedha taslimu.

3. Sheria nzuri inaweza kumwumiza mdogo

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kupunguza ada inayokwenda kwenye benki kubwa kwa kadi za akaunti. Kuanzia Oktoba 2011 kikomo kikawa senti 21 na asilimia 0.05, na senti 1 zaidi kwa benki zinazotimiza masharti ya kuzuia wizi. Wauzaji wa vitu vya bei kubwa walifurahi. Lakini baadhi ya mauzo madogo yalikuwa yakitozwa asilimia 1.55 na senti 4 tu, kama senti 7 kwa dola 2. Mitandao ya kadi ikapandisha ada hizo hadi kwenye kikomo, na senti 7 zikawa zaidi ya 20. Umoja wa Ulaya, mwaka 2015, uliweka kikomo kwa asilimia: 0.2 kwa kadi za akaunti na 0.3 kwa kadi za mkopo. Kikomo cha namna hiyo humlinda anayenunua kidogo.

4. Tufanye nini?

Mhisani yuleyule akitoa dola 26 kila robo mwaka, makato ya mwaka mzima ni dola 4.20, na mradi hupokea dola 99.80. Asiyeweza kutoa 26 kwa mara moja asikatishwe tamaa. Washarika wa kule wanaweza kukusanya michango yao taslimu na kuituma kwa pamoja. Kamati isiweke kiwango cha chini kinachomfukuza mtoaji mdogo.

Kila mtunza hazina aandike safu tatu: kilichotolewa, makato, kilichofika. Nakala impelekee mhisani. Haba na haba hujaza kibaba, ila tuangalie pia kinachomwagika njiani, tusije tukamshuku mtu mwaminifu bure.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, tunajua ada kamili tunayokatwa kwa kila malipo, na mapatano yetu yako wapi?
2. Ni nani kati yetu amewahi kushukiwa kwa sababu ya makato ambayo hayakuandikwa?
3. Tutamwelezaje mhisani wa dola 2 bila kumwaibisha?